Anataka Nini kwa Anayemsikiliza?

Mwanafunzi wa kidato cha tano akipewa shairi asilolijua, kitu cha kwanza anachokitafuta ni funzo. Hajajua bado anayesema ni nani, lakini kalamu imeshaandika "mshairi anatufundisha kwamba…" Simshangai. Tangu shule ya msingi anaulizwa kila hadithi na kila shairi lina mafunzo gani, na kwenye mashairi mengi tuliyokulia swali hilo linajibika bila taabu: malenga anajitokeza mwenyewe, anatuusia, anatuonya, na ubeti wa mwisho unakumbusha aliyosema ubeti wa kwanza.

Ila kuna aina ya shairi ambayo ukiiendea na swali hilo unatoka mikono mitupu, au unatoka na funzo ambalo mhalifu ndiye aliyelitunga. Humo anasema mtu mmoja tu toka mwanzo hadi mwisho. Mtu huyo si mshairi. Yuko mahali fulani, saa fulani, anamwambia mtu fulani jambo ambalo ana haja nalo, na sisi tunayakuta maneno yakiwa yameshaanza. Hatuelezwi umri wake wala sura yake. Yule anayeambiwa hatumsikii hata mara moja. Vitabu vyetu vya uhakiki vinamwita anayesema nafsi neni na anayeambiwa nafsi nenewa. Mimi hapa nitasema msemaji na msikilizaji, inatosha.

Nafundisha Kiswahili na fasihi ya Kiingereza hapa Mtwara, na Jumamosi tunakuwa na kundi dogo linalokutana barazani Shangani kusoma mashairi. Wengine ni wa HKL na HGL, michepuo ya kidato cha tano na sita, wenye mtihani mbele yao, wengine walishamaliza shule zamani na hawatafuti cheti chochote. Katika kusoma nao nimeacha kuanza na "linafundisha nini". Naanza hivi: huyu anayesema anataka nini kwa huyu anayemsikiliza, sasa hivi, kabla hawajaachana? Ukilijibu hilo kwa uaminifu, tabia ya msemaji inajitokeza, toni inajitokeza, na maana ya shairi inaanza kuonekana bila kuivuta kwa nguvu.

Mfano unaotajwa kila mahali ni shairi la Mwingereza Robert Browning la mwaka 1842. Mistari yake 56 inasemwa na mtawala wa Ferrara, Italia, anayemwonyesha mgeni picha ya marehemu mkewe. Picha ina pazia, na hakuna anayelifungua isipokuwa yeye. Anaeleza kwamba mkewe alikuwa mwepesi mno wa kufurahi. Alifurahia jua likizama, tawi la matunda aliloletewa, nyumbu mweupe aliyekuwa akimpanda, sawasawa na alivyofurahia jina la ukoo wa mumewe lenye umri wa miaka mia tisa. Basi mume akatoa amri, na tabasamu zote zikakoma. Anasema hivyo kwa ufupi, halafu anamwinua mgeni washuke chini kwa wenzao. Karibu na mwisho ndipo tunapogundua mgeni ni nani: ni mjumbe aliyekuja kupanga ndoa ya mtawala huyo huyo na binti wa mtu mwingine.

Mwanafunzi akiuliza shairi hili linafundisha nini, ataandika kwamba mke amheshimu mume. Nimeshasahihisha jibu la namna hiyo, na kwa kweli halikutoka hewani, maana ndivyo msemaji mwenyewe angependa ieleweke. Lakini uliza anataka nini kwa mjumbe. Wahakiki wamebishana kama mtawala aliropoka siri au alikusudia. Mimi niko upande wa wanaosema alikusudia. Anataka mjumbe arudi na habari kwa baba wa binti, kwamba anayekuja ajue mapema tabasamu lake ni mali ya nani. Habari ya mke aliyekufa ni sehemu ya mapatano ya mke anayekuja. Ukiliona hilo, hata adabu yake yote, ile ya kumwambia mgeni tafadhali keti utazame, inakuwa ya kutisha.

Baada ya Browning wasemaji walishuka kutoka majumba ya watawala. Mwaka 1915 jarida moja la Chicago lilichapisha shairi la T. S. Eliot ambalo msemaji wake ni mwanamume asiyeweza kuuliza swali analotaka kuuliza, na "wewe" anayemwambia huenda ni yeye mwenyewe. Mwaka 1999 Carol Ann Duffy alitoa diwani nzima ambamo wake wa wanaume mashuhuri wa historia na hekaya ndio wanaozungumza. Lugha nayo ikabadilika: sentensi zinakatika, msemaji anajirekebisha, anaruka, mwisho unabaki wazi. Kwa Kiswahili njia ya lugha ya namna hiyo katika ushairi ilipanuka tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, pamoja na ugomvi wote uliofuata wa mashairi huru, yaani yasiyofuata vina na mizani. Sisemi vina na mizani vinazuia msemaji wa aina hii. Browning mwenyewe alitumia vina. Ila mtu anayekosa pumzi anasikika vizuri zaidi kwenye mistari isiyo sawa.

Angalizo moja kabla hatujaingia ndani. Si kila shairi lenye "mimi" ni la aina hii. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, alimwambia bintiye amkaribie, achukue wino na karatasi, amsikilize mama yake mgonjwa. Msikilizaji yupo, mahali papo, hata hali ya afya ipo, lakini anayesema ni Mwana Kupona, na kila neno angeliwekea sahihi. Abdilatif Abdalla aliyeandika akiwa gerezani Kenya kati ya 1969 na 1972 anaposema "mimi" tuna sababu nzuri ya kumsikia yeye mwenyewe. Kipimo changu ni hicho cha sahihi: je, mshairi angekubali kuyasema maneno haya kama yake? Pale unapohisi angekataa, au angeyakubali nusu tu, hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Shairi la kujaribia

Kwa kundi letu niliandika shairi fupi ili tusibishane juu ya Italia ya kale. Kwa msomaji asiye wa Kusini: kangomba ni ununuzi wa korosho wa chini kwa chini, nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya kumwumiza mkulima, na mara nyingi pesa hutolewa wakati korosho bado ni maua mtini. Serikali imeupiga marufuku, na kila mtu Newala au Tandahimba anazo habari zake. Ubwiri unga nao ni ugonjwa wa mikorosho unaoshambulia maua na machipukizi. Ndio unaowafanya watu wahangaike na dawa ya salfa.

*Msaada*

Hodi, Mama Somoe. Ni mimi, usishtuke.
Taa ya nini? Zima, mbalamwezi inatutosha.
Nimepita kukujulia hali tu.
Nasikia mzee bado kalazwa mjini.
Pole. Mimi nina huruma, watu hawajui.
Wanasema mikorosho ya Bi Hadija nimeipora.
Nimeipora? Dole gumba kaliweka mwenyewe,
mkono haukutetemeka hata kidogo.
Ulitetemeka kidogo. Ni uzee ule.
Mbona unanitazama hivyo? Ah, shikamoo,
nilisahau, mambo ni mengi.
Watoto wamelala? Vizuri.
Mimi sijasema uniuzie. Nimesema?
Nasema mnada uko mbali,
na ghala halijui kama mzee anasubiri dawa.
Ghala halina masikio. Mimi ninayo.
Na ua si korosho, mama. Ua ni ua.
Ubwiri unga ukiingia, umebaki na nini?
Hasara naibeba mimi. Mimi.
Hata pikipiki niliyoiacha kule mwembeni
bado nadaiwa.
Unalia nini sasa? Nimesema neno gani baya?
Mama yangu naye alilia hivyo hivyo,
usiku, mlangoni, mbele ya mtu mwenye daftari,
nami kitandani nimejifanya nimelala.
Haya. Wino huu hapa.
Unatumia kidole gani?

Tuanze na shikamoo

Msomaji wa huku hahitaji mhakiki wa kumwonyesha kosa la kwanza la huyu bwana. Ameingia usiku kwa mwanamke aliyemzidi umri, akapiga hodi, akaamuru taa izimwe, akasema habari zake na za Bi Hadija, na shikamoo haijatoka. Inatoka baada ya "Mbona unanitazama hivyo?" Hapo tumemsikia msikilizaji bila yeye kufungua mdomo. Mama Somoe amemtazama, na jicho lake limemrudisha kijana kwenye adabu aliyoiacha mlangoni. Tumepata mambo matatu kwa mpigo: umri wao, nani mwenye heshima kijijini, na kwamba heshima hiyo usiku huu haina nguvu ya kumtoa mgeni nje.

Ndiyo maana nasisitiza kila mara: wasomeni wasemaji kwa salamu na kwa majina wanayoitana. Anaanza na "Mama Somoe", jina la jirani kwa jirani. Baadaye, kwenye habari ya ua, inakuwa "mama" tupu, na hapo anabembeleza. Kisha anatokea "mama yangu". Ni mwendo wa mistari michache, lakini mtu amehama kutoka kwa mteja hadi kwa mzazi, na sidhani kama amekusudia kuhama. Mwenye shughuli ya kununua maua ya korosho hana faida yoyote ya kumkumbuka mama yake mbele ya anayemwinda. Limemponyoka.

Hapo ndipo napotenganisha mambo mawili ambayo wanafunzi huyachanganya: yale ambayo msemaji anayasema ili kupata anachotaka, na yale anayoyasema ingawa hayamsaidii. La kwanza linakuonyesha haja yake. La pili linakuonyesha mtu. "Mimi nina huruma" ni la kwanza, na kwa tabia yake halituambii kitu. Mwenye huruma haitangazi kwa aliyekosa usingizi. "Ulitetemeka kidogo" ni la pili. Hakuna aliyemlazimisha aseme. Angeacha mkono wa Bi Hadija ubaki mtulivu, hadithi yake ingekuwa safi. Lakini ameuona mkono ule, bado anauona, na amejirekebisha kabla hajajizuia. Halafu haraka anaufunika na uzee.

Karibu kila darasa linapofika hapa mtu anaandika "mnafiki" na kufunga daftari. Nawaomba wasifunge. Mnafiki kamili hajirekebishi.

Alama nyingine ya kuifuatilia ni kukana. Pigia mstari kila mahali msemaji anapokana jambo ambalo hakuna aliyemtuhumu. "Mimi sijasema uniuzie. Nimesema?" Kweli hajasema. Na hakuna aliyedai amesema. Ila sasa kuuza kumeshatajwa, na aliyekutaja ni yeye. "Nimesema neno gani baya?" ni hivyo hivyo. Katika mashairi ya aina hii kinachokanwa ndicho kilicholetwa nyumbani, na msomaji akizoea kukitazama hicho hatahangaika sana kutafuta "dhamira iliyofichika".

Maneno yanayorudiwa yanahitaji uangalifu zaidi. "Hasara naibeba mimi. Mimi." Mwanafunzi mmoja alisema ni majivuno. Mwingine akasema hapana, msome kwa sauti, huyo mtu anajilalamikia. Tukalisoma kwa sauti mara nyingi, na ikaonekana kwamba inategemea unaliwekea mkazo wapi. Mimi nalisikia kama malalamiko, kwa sababu linafuatwa na pikipiki ya deni. Yeye naye yumo kwenye daftari la mtu. Lakini aliyesema majivuno hakupata sifuri kwangu. Alikuwa na neno la kushikilia, na hilo ndilo ninalolitaka.

Soma tena ukianzia na siri ya mwisho

Ushauri ambao ningempa mtu mmoja kama angeniruhusu kutoa mmoja tu ni huu: ukifika mwisho, rudi mwanzo ukiwa umebeba lile jambo kubwa la mwisho, usome upya kana kwamba ulilijua tangu awali. Kwenye shairi la Browning unarudi ukijua mgeni ni mjumbe wa ndoa. Kwenye hili la kwetu unarudi ukijua kuna mtoto aliyejifanya amelala.

Basi "Watoto wamelala? Vizuri" halisomeki tena kama tahadhari ya mtu anayeficha biashara haramu. Huyu anajua kwa hakika watoto wanasikia nini kutoka kitandani. Ameuliza kwa sababu anajua. Na jibu la Mama Somoe, ambalo lazima lilikuwa ndiyo kwa kuwa ameitikia "vizuri", linaweza kuwa si kweli hata kidogo, kwani hata mama yake alidhani mwanawe amelala. Huenda nyuma ya pazia kuna mtoto anayeyasikia haya yote. Shairi halikusema, lakini limefungua mlango, na msomaji anaruhusiwa kuchungulia mradi asiape.

Taa nayo. Mara ya kwanza unafikiri hataki kuonekana na majirani. Mara ya pili unaona hataki kumwona Mama Somoe, maana uso wa mama anayelia mlangoni anaufahamu. Fundi cherehani mmoja anayekuja kwenye kundi, mama wa makamo, alitoa neno lililonipendeza kuliko uhakiki wangu wote: "Angeniambia nizime taa, ningeongeza utambi." Tukaulizana kwa nini Mama Somoe hakuongeza. Hatujui kama aliizima. Msemaji aliamuru, hatuoni ikizimwa. Na kama aliweza kuona anatazamwa "hivyo", basi ama mbalamwezi ilikuwa kali sana, ama taa bado inawaka. Jambo dogo hilo linampa Mama Somoe ukaidi ambao hakupewa mstari wa kuusema.

Hivi ndivyo msikilizaji anavyopatikana. Kwenye pambizo la karatasi, mkabala na kila mstari, andika kwa penseli alichofanya au alichosema aliyenyamaza. Usitunge, andika tu kile ambacho maneno ya msemaji yanakilazimisha: kashtuka, kashika taa, katazama, kaitikia watoto wamelala, kalia. Ukimaliza unakuwa na mhusika wa pili kamili ambaye hakutajwa kama mhusika popote. Pambizo likibaki tupu kabisa, huenda shairi ni la mtu anayewaza peke yake, na hilo nalo ni jibu. Linasomwa kwa njia nyingine.

"Lakini mwalimu, anasema kweli"

Kijana wa Tandahimba aliyasema hayo, na kundi zima likageuka kumtazama. Hakurudi nyuma. Mfumo wa stakabadhi ghalani kwa korosho ulianza mwaka 2007: mkulima anapeleka korosho zake chama cha msingi, zinakusanywa ghalani, zinapigwa mnada, ndipo malipo yanamfikia. Ni mfumo uliowekwa ili asiuze kwa mtu wa usiku. Lakini mikorosho inatoa maua katikati ya mwaka, na minada inaanza kuelekea mwisho wa mwaka. Mgonjwa akilazwa wakati wa maua hakuna cha kupeleka ghalani. "Ghala halina masikio" ni maneno ya mlanguzi, na ni kweli tupu.

Saa iliyobaki tulizungumza korosho kuliko ushairi, nami sikuwazuia. Maana ya shairi ndiyo iliyokuwa ikipita pale barazani. Kama msemaji angekuwa mwongo kwa kila neno, tungemhukumu kwa dakika moja na kwenda zetu. Shairi dhaifu la aina hii humpa mhalifu maneno ya kihalifu tu. Zuri linampa hoja ambayo huna jibu lake la haraka, linampa na mama aliyelia, halafu linakuacha uso kwa uso na wino ule. Mhakiki Robert Langbaum katika kitabu chake cha mwaka 1957 alieleza kwamba nguvu ya mashairi haya iko kwenye mvutano kati ya kumwonea msemaji huruma na kumhukumu. Naongeza kwa uzoefu wangu kwamba wanafunzi wengi huchagua upande mmoja mapema kwa sababu wanadhani mtihani unataka hukumu. Mtihani unataka ushahidi. Andika kwamba unamwonea huruma na bado unamshtaki, mradi uonyeshe ni mstari gani unakuvuta huku na upi unakuvuta kule.

Na swali ambalo halikosi: mshairi yuko wapi basi? Kama maneno yote ni ya mlanguzi, mshairi kasema nini? Kwa watu wa Newala na Masasi naeleza kwa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Aliyevaa kinyago akicheza kama mlevi au kama bwana mkubwa wa zamani, hakuna anayemwendea kesho yake kumdai adabu kwa ulevi wa kinyago. Lakini ustadi wa miguu ni wake, na ni yeye aliyechagua kinyago kile kitoke mbele ya watu wale. Mshairi naye umtafute kwenye uchaguzi: kwa nini shikamoo imewekwa pale, kwa nini mama wa msemaji anatokea baada ya machozi na si kabla, kwa nini tunaishia kwenye swali. Zaidi ya yote mtafute kwenye kichwa cha shairi. Kichwa hakisemwi na msemaji. "Msaada" ni neno ambalo mlanguzi angelipenda sana mlangoni kwake, na mshairi ameliweka juu ya dole gumba la mwanamke anayelia. Hapo ndipo pekee alipozungumza kwa sauti yake.

Kuchanganya hao wawili kuna gharama hata kwa wakubwa. Mwaka 2008 bodi ya mitihani ya AQA ya Uingereza iliondoa kwenye mkusanyiko wake shairi moja la Duffy, la mwaka 1985, ambalo msemaji wake ni mtu asiye na kazi, mwenye kinyongo, anayetoka mwishoni akiwa na kisu cha mkate. Kulikuwa na malalamiko na hofu ya uhalifu wa visu. Aliyelisoma kwa swali la "anataka nini" angeona kijana anayetafuta mtu yeyote amtazame, na angeona shairi linatuonya dhidi ya kutomtazama. Aliyelisoma akitafuta funzo aliona kisu.

Kwenye karatasi ya mtihani

Hapa nitakwenda haraka. Usiandike "mshairi anasema" kwa neno lililosemwa na msemaji. Ukiandika hivyo mara tatu msahihishaji anajua hukuelewa aina ya shairi. Vitenzi vikusaidie: anadai, anakana, anabembeleza, anajirekebisha, anakwepa, anaropoka. Kila kimoja kinabeba uhakiki ndani yake kuliko "anasema". Usipange sifa kwenye mstari mmoja, "ni mkatili, mjanja, mnafiki, mwenye tamaa", kwa sababu mtu katika shairi hili anabadilika akizungumza, na orodha haibadiliki. Onyesha alipoanza, alipoteleza, alipojikusanya tena. Kwa shairi letu, "Haya" iliyo karibu na mwisho inafaa kupewa sentensi mbili nzima, maana ni pale anapofunga kumbukumbu ya mama yake na kurudi kazini. Neno moja, na mtoto aliyejifanya amelala amegeuka kuwa mtu mwenye daftari.

Ukinukuu, nukuu kidogo. Nusu mstari iliyochambuliwa inakupa alama kuliko ubeti ulionakiliwa.

Na usimalizie shairi kwa niaba ya mtunzi. Barazani walibishana kama Mama Somoe aliweka dole au hakuweka. Kuna aliyesema swali "unatumia kidole gani" linaonyesha ameshakubali. Kuna aliyesema msemaji ndiye anayejifanya amekubaliwa, kama alivyojifanya hajasema wauziane. Jibu zuri linaeleza kwa nini swali limeachwa wazi na kila upande unatumia mstari gani kujitetea. Jibu baya linaandika "Mama Somoe akasaini na kupoteza korosho zake zote".

Kwa wanaotaka kujaribu wenyewe, zoezi la Jumamosi ijayo ndilo hili. Ni kesho yake, Mama Somoe amefika hospitalini na amekaa kando ya kitanda cha mumewe. Mwandikieni mistari kumi hivi, yeye ndiye msemaji sasa, mume ndiye msikilizaji, na pesa ya dawa ama ipo mkobani ama haipo. Asiseme lolote kuhusu usiku ule isipokuwa ameponyokwa. Kisha mpe mwenzako asome, na umwulize mama anataka nini kwa mumewe.